Kidole Gani

Kabla hajahamia ghorofani, Fundi alikuwa mtu anayeonekana. Si kwamba alipenda kuonekana, la. Alikuwa mpole, maneno yake haba, na akicheka alificha meno kwa kiganja. Ila kazi yake ilikuwa barazani, na mtu wa barazani hana pa kujificha. Alikaa nje ya chumba chake, katika mstari wa vyumba vilivyozunguka ua mmoja na bomba moja la maji, akikanyaga cherehani yake ya miguu tangu asubuhi mpaka jua linapolegea. Mlio wa ile cherehani ulikuwa mali ya watu wote. Watoto wa uani walilala nao mchana. Ukikatika tu, wanaamka wakilia.

Chumba cha kutazamana na chake alikaa mama mmoja muuza mkaa, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Huyo alikuwa mlinzi wa Fundi bila mtu yeyote kumwajiri.

"Wewe Fundi, leo mguu wa kushoto unauburuza. Umeulalia vibaya au umegombana nao?"

"Nimeamka nao hivi hivi."

"Basi kauonyeshe kwa wenye macho. Usije ukaanguka hapa ukatuharibia siku. Mimi nguvu za kukubeba sina, na ulivyo mkavu hivyo nitakuchanganya na kuni, nikuuze."

Ni yeye aliyeona kwamba Fundi anakunywa maji kupita kiasi na kwenda chooni kila mara kama anayeitwa huko. Akamsukuma mpaka zahanati, na huko Fundi akaambiwa ana kisukari. Alipewa vidonge, akaambiwa apunguze vitu vitamu na atembee sana. Kutembea hakukumpa shida. Bomba lilikuwa mbali na chumba, choo kilikuwa mbali na bomba, na duka la uzi na vifungo lilikuwa mbali na vyote hivyo. Na kazi yenyewe ilikuwa mwendo; mtu amekaa kitako, lakini miguu yake inasafiri.

Halafu ikaja barabara. Waliwekewa alama nyekundu ukutani, wakapewa muda wa kuondoka, kila mtu akashika njia yake. Muuza mkaa alikwenda kwa mdogo wake, upande mwingine kabisa wa mji. Fundi akachukuliwa na binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa amepanga nyumba juu kabisa katika jengo jipya refu.

Ua ule haukuwa pepo, tusidanganyane. Mvua ikinyesha choo kilifurika, na hakuna mwaka uliopita bila mtoto kuharisha mpaka akakaribia kufa. Mke wa Fundi mwenyewe aliondoka kwa ugonjwa wa namna hiyo, binti yao akiwa bado shuleni. Ndiyo maana siku ya kwanza walipoingia kule juu, binti alifungua bomba la jikoni akaliacha likimwaga maji kidogo, akalitazama tu.

"Maji ndani, baba. Choo ndani. Hutatoka tena na kopo usiku."

"Mungu akubariki, mama," Fundi akasema. Alikuwa akimwita binti yake mama tangu akiwa mchanga.

Na zawadi haikuishia hapo. Binti alimnunulia cherehani ya umeme, nyeupe, nyepesi, ina kikanyagio kidogo cha plastiki. Ukigusa kwa ncha ya mguu tu, kitambaa kinakimbia chenyewe.

"Umekanyaga vya kutosha," binti akamwambia. "Sasa pumzisha miguu."

Fundi akapumzisha miguu.

Basi maisha ya ghorofani yakaanza, na maisha hayo hayakuwa na mlio. Binti aliondoka asubuhi mapema akarudi jioni. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja katika kampuni kubwa ya simu. Alikaa kwenye ukumbi pamoja na wenzake wengi, kila mmoja amevaa spika masikioni, kazi ni kuuliza watu wasiowajua: nikusaidie nini, kuna lingine naweza kukusaidia? Akifika nyumbani alikuwa amekauka koo. Alijitupa kwenye kochi, akimjibu baba yake kwa kutikisa kichwa.

"Leo kulikuwaje huko?"

"Baba, naomba unisamehe. Maneno yangu yote yamebaki kazini."

Fundi alimwelewa. Alimpelekea chai, akakaa naye kimya, wakatazama televisheni ambayo hakuna aliyeifuatilia. Mchana alikuwa peke yake na friji. Alikula mkate, akala chakula cha jana, na siku nyingine alikunywa soda kwa sababu ilikuwepo na hakuna aliyemkodolea macho. Wateja hakuwa nao. Katika jengo lile hakuna aliyejua kwamba kule juu kuna fundi. Waliomtambua kidogo ni vijana wa kwenye lifti, nao walimtambua kama mtu anayebonyeza kitufe kisicho chake. Kazi aliyoipata ni ile aliyoletewa na binti, blauzi nyeupe za wenzake kazini, hii ipunguzwe mikono, ile ibanwe kiuno.

Siku ya mkasa alikuwa akibana blauzi moja ya hizo. Pini zenye vichwa vya bluu alikuwa amezishika mdomoni, kama mafundi wote wafanyavyo, na moja ikadondoka. Kule barazani pini ikidondoka haikuwa na madhara. Kila jioni alipitisha sumaku sakafuni, na siku nzima alivaa makubazi mazito ya mpira wa gurudumu. Lakini hapa binti alikuwa ameomba kwa upole viatu viachwe mlangoni, vigae vile vyeupe vinachubuka. Na sumaku ilikuwa imepotea katika kuhama. Fundi alishuka kitini kwenda kuwasha taa, akaikanyaga ile pini kwa mguu mtupu. Ikazama chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, ikazama yote, kikabaki kichwa chake cha bluu kama kifungo kilichoshonwa mahali pasipo na shati.

Fundi hakusikia kitu.

Miezi mingi ya kukaa kitako, na sukari isiyoangaliwa, vilikuwa vimezilaza nyayo zake usingizi. Aliona ganzi ile, ndiyo, lakini aliihesabu kuwa ni baridi ya vigae. Akawasha taa, akarudi kitini, akaendelea kushona. Pindo la blauzi lilipogusa sakafu akaliinua, akaona tone jekundu.

Fundi cherehani akiona damu kwenye kitambaa hana haja ya kuuliza imetoka wapi. Anatazama vidole vya mikono. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofanya tangu ujana wake. Basi Fundi akaitazama mikono yake yote miwili, akaigeuza na kuigeuza. Na mikono ya fundi haikosi tundu. Kwenye kidole cha shahada akakuta alama, ilikuwa ya juzi au ya mwaka jana, Mungu ndiye ajuaye. Akaridhika. Akatema mate kwenye lile doa, kwa sababu mafundi wanasema damu yako hutoka kwa mate yako, akasugua mpaka likafifia.

Saa ya chakula binti akapiga simu, kama kawaida yake.

"Umekula, baba?"

"Nimekula."

"Dawa?"

"Nimemeza."

"Hujambo lakini?"

"Sijambo. Nimejichoma kidole tu na pini."

"Pole. Plasta ziko kwenye droo ya jikoni."

"Nimeshaziona. Fanya kazi yako, mama."

Akaibandika plasta kwenye kidole cha shahada, kidole kizima kisicho na kosa lolote, akaendelea na kazi. Jioni binti aliiona ile plasta, akamshika mkono, akampulizia kama mtoto mdogo. Wakacheka.

Siku zikaenda. Kwa kuwa vigae vilikuwa baridi, Fundi akaanza kuvaa soksi nene nyeusi za binti yake, akawa halali bila hizo. Kuoga alioga kila siku, tena kwa maji ya moto. Ila kule uani alikuwa anaoga kwa ndoo. Mtu anainama, anachota, anajisugua nyayo kwa jiwe. Bafu la ghorofani maji yanatoka juu, mtu unasimama wima kama mti kwenye mvua, hujiinamii. Nyayo zake hakuziona tena. Na mtu mwingine wa kumwona akitembea hakuwepo. Binti alimwacha amelala, akamkuta amekaa. Kama Fundi alichechemea, alichechemea mbele ya friji.

Ikaja harufu.

Kwanza Fundi alidhani ni nyama. Akaifungua friji, akanusa kila bakuli, akamwaga mchuzi uliokuwa mzima kabisa. Harufu haikuondoka. Akamwaga maziwa. Haikuondoka. Jioni binti alipoingia alisimama mlangoni hata hajavua viatu, akakunja pua.

"Baba! Kuna kitu kimekufa humu."

"Hata mimi nimeisikia. Nadhani ni panya."

"Panya? Huku juu? Amepanda na lifti?"

"Pengine alibonyeza kitufe kisicho chake."

Binti akaangua kicheko, kicheko cha utotoni ambacho Fundi hakukisikia tangu wahame. Akatupa mkoba, akafunga kitambaa kichwani, akasema leo panya huyo atajuta kuzaliwa. Wakaanza kumtafuta. Walisogeza friji wakakuta vumbi na kijiko. Wakainua kochi, binti huku, baba kule, wakasukumana na kuambiana "shika kwako", "nimeshika, wewe ndiye umeachia". Wakapiga magoti na kuchungulia chini ya kabati, mashavu yao yakiwa kwenye vigae.

"Unaona nini?" binti aliuliza.

"Naona jicho lako."

"Unakumbuka yule panya wa kule uani? Aliyeingia kwenye gunia la mkaa, yule mama akamtoa kwa kumtukana?"

"Alimtukana mpaka ukoo wake. Panya akatoka mwenyewe, kainamisha kichwa."

Wakacheka hadi Fundi akashika ubavu. Alikuwa na homa kidogo, jasho lilimtoka, lakini alilihesabu ni la kuinua kochi. Binti akarusha nyuma nywele zilizomdondokea usoni, akamtazama baba yake vizuri, labda kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Umepungua, baba."

"Ni uzee tu."

"Unakula kweli?"

"Nakula."

Panya hakuonekana. Mwisho binti akapulizia marashi nyumba nzima, akafungua madirisha, akasema kesho atamwomba mlinzi atafute mtu wa kufukiza dawa. Alikwenda kulala akiwa bado anatabasamu. Fundi alibaki kwenye kochi, na katika moyo wake, Mungu amsamehe, aliomba yule panya asipatikane upesi.

Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ilimponyoka mkononi ikabiringika chini ya meza. Fundi akapiga magoti kuifuata. Alipokaa chini ili ainuke vizuri, mguu ukaja mbele yake, na soksi ya kushoto akaiona imelowa na kukauka, imekakamaa kama ngozi ya ngoma. Akaivuta. Ikagoma. Akaivuta tena, ikatoka pamoja na kitu.

Harufu ikampiga usoni.

Kidole gumba kilikuwa cheusi. Cha pili yake kilikuwa cha zambarau, na mguu umevimba mpaka kwenye kifundo, unang'aa. Chini, katikati ya usaha, kulikuwa na kichwa kidogo cha bluu. Fundi alikitambua. Pini ile ilikuwa yake.

Alikaa pale chini akiutazama mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyelala humo ndani bila kubisha hodi. Haukuuma. Hilo ndilo lililomtisha. Kama ungeuma angepiga kelele, na mtu akipiga kelele walau anajua la kufanya.

Akampigia binti. Simu ilikuwa imezimwa. Kazini kwao simu zao hufungiwa kwenye makabati mpaka saa ya chakula. Akangoja kidogo, akapiga tena, bado. Akajikokota kwa makalio mpaka mlangoni, kwa sababu tangu auone mguu ule aliogopa kuukanyaga. Akafungua, akaifikia nyumba ya pili akiwa ameshika ukuta, akagonga.

"Nani?" sauti ya mwanamke iliuliza kutoka ndani. Televisheni ilikuwa inapiga kelele.

"Jirani."

"Jirani gani?"

Fundi akafungua mdomo. Kule uani angesema Fundi, na mlango ungekuwa umeshafunguliwa kabla hajamaliza. Hapa jina hilo halikuwa la mtu yeyote.

"Wa hapa mlango wa pili."

"Kama ni habari ya taka, nimeshaongea na mlinzi."

"Si habari ya taka."

"Njoo jioni mume wangu akiwepo. Mimi sifungui."

"Haya. Samahani kwa usumbufu."

Na kweli akaomba samahani, na kweli akarudi. Ndivyo alivyokuwa. Hata kama nyumba ingekuwa inaungua angegonga mara moja tu.

Akakaa tena kwenye vigae, simu mkononi, na hapo ndipo likamjia wazo la ile namba ya huduma kwa wateja, ambayo huandikwa kwenye kila vocha. Binti yake yuko mwisho wa namba hiyo. Akaipiga. Sauti ya mashine ikamkaribisha, ikamwambia abonyeze moja kwa hili, mbili kwa lile. Fundi akabonyeza ovyo mpaka ukaja muziki.

"Simu yako ni muhimu sana kwetu," mashine ikasema.

"Ahsante," akajibu Fundi.

Muziki ukapiga, ukaisha, ukaanza tena. Akaambiwa tena kwamba yeye ni muhimu. Mwishowe ikaja sauti ya binadamu, ya msichana, lakini si ya binti yake.

"Habari za leo, mteja wetu? Nikusaidie nini?"

"Nzuri. Nzuri sana, mwanangu. Habari za kazi?"

"Salama. Nikusaidie nini, baba?"

Ulimi wa Fundi ukafa ganzi kama miguu yake. Alikuwa amejiandaa kuongea na mtoto wake, na sasa ni mtoto wa watu, tena yuko kazini, ana wateja wenye shida za maana wanaosubiri. Aanzie wapi?

"Nilikuwa naulizia... salio langu."

Msichana akamwambia salio lake, kwa adabu, hatua kwa hatua, na jinsi ya kuliangalia mwenyewe siku nyingine. Fundi akashukuru.

"Kuna lingine naweza kukusaidia?"

Lilikuwa ni neno la kazi tu. Kampuni iliwalazimisha kulisema kila mwisho wa simu, na msichana yule alikuwa amelisema asubuhi ile mpaka limepoteza ladha. Lakini Fundi hakulisikia hivyo. Nyumbani binti alimuuliza amekula, amemeza dawa, hajambo, na yote hayo yalikuwa na majibu yaliyo tayari. Hili halikuwa na jibu lililo tayari.

"Lipo," akasema. "Kidole changu kimeoza."

"Samahani, sijakusikia vizuri?"

"Kidole. Nilijichoma na pini. Kimekuwa cheusi."

"Kidole gani, baba?"

Fundi akatazama mkono wake ulioshika simu. Plasta ilikuwa bado ipo kwenye kidole cha shahada, imechafuka, imechanua pembeni. Hapo ndipo akaanza kulia, polepole, bila sauti.

"Cha mguu," akasema. "Ni cha mguu, mwanangu. Mimi nilikuwa natazama vya mkono."

"Uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu. Binti yangu anafanya kazi hapo kwenu." Akamtaja jina.

Kisha sauti ya msichana ikabadilika, ikawa sauti ya mtu wa kawaida, yenye haraka.

"Wewe ndiye Fundi? Yeye huku tunamwita Binti Fundi! Blauzi zetu zote si wewe unazibana? Sikia, baba. Usikate simu. Hata mtu akikwambia kata, usikate."

Fundi akasikia kiti kikisukumwa na viatu vikikimbia. Akasikia ukumbi mzima, sauti nyingi za kike na za kiume zikisema kwa pamoja nikusaidie nini, nikusaidie nini, kama watu wanaosoma dua, na katikati yake mtu mmoja akipaza sauti: "Binti Fundi! Binti Fundi, baba yako yuko kwangu!" Hakuwa amejua kwamba huko anatajwa. Alibaki na simu sikioni muda mrefu baada ya kuwa hakuna anayeongea naye tena, kwa sababu aliambiwa asikate.

Hospitalini daktari aliutazama mguu mara moja, akavaa glavu za pili juu ya zile za kwanza.

"Una siku ngapi na hii?"

"Sijui."

"Hukusikia maumivu?"

"Hapana."

"Mimi alinipa taarifa," binti akadakia, sauti inamkatika. "Aliniambia amejichoma kidole. Nikamwambia aweke plasta. Nilimpulizia kidole, daktari. Mguu umeoza, mimi nampulizia kidole cha mkono! Halafu tukatafuta panya."

"Panya gani?"

Daktari hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. Aliwaeleza kwamba sukari ilipanda sana, kwamba miguu isiyotembea damu yake huzembea, na kwamba mgonjwa wa aina hii lazima atazamwe nyayo kila siku, na mtu mwenye macho, asitegemee kuhisi. Akauliza Fundi anafanya kazi gani siku hizi.

"Nashona. Ya umeme."

"Zamani?"

"Ya kukanyaga."

Daktari akatikisa kichwa taratibu, akaandika. Binti alikuwa amegeukia ukutani.

Walikata vidole viwili, gumba na mwenzake, na nyama ya chini yake. Mguu wenyewe ukabaki. Ilikuwa kidogo tu, wakaambiwa, ukatwe chini ya goti. Fundi alishukuru kila aliyepita, hata mfagiaji wa wodi ambaye hakuhusika.

Fundi alipotoka hospitalini, binti hakwenda kazini. Msimamizi wao alikuwa amemwambia akae nyumbani kwanza mpaka atakapoitwa, kwa kuwa aliacha kiti chake na wateja wakiwa hewani. Yule msichana aliyepokea simu naye aliambiwa hivyo hivyo. Kama wataitwa au hawataitwa, hakuna aliyejua.

Kwa hiyo sasa wakawa wawili mle ndani mchana kutwa, na ndipo walipogundua kwamba hawajui waongee nini. Walikuwa wamezoea saa chache za jioni za uchovu. Mchana ulikuwa mrefu. Binti aliuliza kama anataka chai, Fundi akasema kama ipo. Fundi aliuliza kama amelala vizuri, binti akasema kidogo. Kisha kila mmoja akatazama kwake, wakaoneana haya kama wageni waliokutanishwa kwenye kiti kimoja. Mara binti alimwuliza "kuna lingine?" kwa mazoea tu, akashtuka mwenyewe, akaziba mdomo. Fundi akajifanya hakusikia.

Ikafika saa ya kusafisha kidonda. Binti akaleta beseni, maji ya chumvi aliyoyachemsha na kuyapoza, pamba na bandeji mpya. Akakaa chini kwenye vigae, akaupakata mguu wa baba yake mapajani. Hakuwahi kuushika kabla ya hapo. Aliifungua bandeji mzunguko kwa mzunguko, polepole, akitazama kando ilipofika ya mwisho, kisha akajikaza akatazama.

"Nikikuumiza useme."

"Nitasema."

Akachovya pamba, akaanza. Alisafisha kuzunguka mshono, akapanguza katikati ya vidole vilivyobaki, akaupitisha mkono wake wote chini ya unyayo, kutoka kisigino mpaka pale ambapo mguu ulikuwa unaishia sasa. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye ule mguu, na yeye anayafuta pamoja na maji.

"Nakuumiza?"

"Hapana."

"Nimebonyeza sana?"

Fundi alikuwa ameegemea kochi, amefumba macho, anautafuta ule mkono. Aliutafuta kisiginoni, akautafuta kwenye unyayo, akautafuta kwenye vidole alivyokuwa navyo na alivyokuwa hana. Hakuupata popote. Ilikuwa kama mtu anabisha hodi kwenye nyumba ya mbali.

"Baba?"

Akafumbua macho, akainama mbele kadiri mgongo wake ulivyomruhusu, ili auone mguu wake, na mikono ya mwanawe ikiwa juu yake.

"Endelea," akasema. "Natazama."